Mulimaji naye aikale kwenye meza ya iniversite

Kwa jamaa ya mufanyakazi wa mungodi, bei ya mufuko wa bunga ni sehemu ya mushahara. Mushahara ukibakia pale pale na bunga ikapanda, ni sawa vile kampani imetukata feza. Na mahindi mengi yenye kupikwa bukari hapa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi inapitia Kasumbalesa, inatoka Zambia. Mu mwezi wa pili 2024, serkali ya Zambia ilitangaza kama ukame ni balaa ya inchi nzima. Kule wakikosa, huku masufuria yanalia. Njo maana sisi watu wa sendika, wenye kazi yetu ni kutetea mushahara, tunaingia leo mu mambo ya jembe.

Ulizo letu ni hili: nani anapashwa kuambia chuo kikuu mambo gani ya kilimo inafaa kusomwa? Wengi watajibu: maprofesa njo wanajua. Tunawaheshimu maprofesa. Lakini mutu mwenye kuishi na shida ya shamba kila siku, naye iko na elimu yake, na mara nyingi hakuna mwenye kumuuliza.

Na tusidanganyane, walimaji ni sisi wenyewe. Mu 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka kazini kwa ile operasyo ya kuondoka kwa mapenzi. Wengi walishika jembe. Mpaka leo, mwenye kupata pansio analima, mama wa nyumba analima, kijana mwenye kontra yake imeisha analima kwa kungojea ingine. Kukisemwa walimaji wa Haut-Katanga ao wa Lualaba, kunasemwa pia jamaa za mungodi.

Masomo iko, lakini inafika kwa nani?

Hatuseme kama wenye elimu wa kwetu wanalala. Iniversite ya Lubumbashi iko na fakilte ya kilimo, na INERA iko na stesheni yake Kipopo, karibu na muji. Wenye elimu wa Lubumbashi walijaribu, pale Penga Penga, kupanda majani yenye kuvumilia shaba, ili kufunika udongo wenye kuharibiwa na moshi wa kiwanda. Mu 2009, profesa Banza Lubaba Nkulu na wenzake walitangaza somo lao: walipima mikojo ya watu zaidi ya 300 wa Katanga ya kusini, wakaona wenye kuikala karibu na mungodi na viwanda wako na kobalti nyingi sana mu mwili kupita wenye kuikala mbali.

Ile ni kazi ya maana. Lakini mama mwenye kulima lengalenga na sombe pembeni ya muto, chini ya kiwanda, anataka kujua kintu kimoja: hii bustani yangu, niache ao niendelee? Nikiosha majani vizuri, inatosha? Kuko mboga ingine yenye haivute metali sana? Kama jibu liko mu kitabu cha Kifaransa ao cha Kingereza, kwake ni sawa vile haliko.

Mufano wa pili. Udongo wetu mwingi iko na asidi, mahindi inakuwa ya manjano na fupi hata kama umetia mbolea. Dawa moja yenye kujulikana ni chokaa. Sisi wa kiwanda tunaijua chokaa: inatumiwa kila siku kwa kupunguza asidi wakati wa kutosha shaba na kobalti, na mawe yake inachimbwa hapa kwetu, Kakontwe, kule Likasi. Sasa, mulimaji wa hektari moja apate wapi chokaa ya shamba, atie mifuko ngapi, na je, mavuno italipa ile feza? Lile ni ulizo la kusoma, na linatoka shambani.

Vile walifanya California

Kuko fasi yenye walianza zamani kufunga iniversite na walimaji pamoja. Marekani, mu 1862, wakati wa prezida Abraham Lincoln, walipiga sheria ya kupatia kila jimbo udongo wa kuuzisha, ili feza isimamishe vyuo vya kufundisha kilimo na ufundi. Sheria ya 1887 ikaleta feza ya stesheni za kupima mbegu na udongo. Ya 1914 ikasaidia kulipa washauri wa kilimo wenye kuikala karibu na walimaji.

Jimbo la California liliweka sharti moja yenye mutu wa sendika anaipenda. Distrikti yenye kutaka mushauri wa iniversite, walimaji wake waanze kujiunga mu chama. Pasipo chama, hakuna mushauri. Wa kwanza alifika Humboldt mu 1913. Kwa hivi mushauri alipofika, alikuta watu tayari wamekusanyika, wenye kusema kwa sauti moja: shida yetu ni hii na hii. Mpaka juu kabisa, prezida wa ile iniversite amekuwa na baraza la washauri wa kilimo lenye kuwa na watu wa inje ya iniversite.

Lakini hadisi haiishie pale. Wafundi wa ile iniversite, kule Davis, walitengeneza mashini ya kuvuna tomati, na wenzao wakazalisha tomati ya ngozi nguvu yenye kuvumilia chuma. Mwisho wa 1964 serkali ya Marekani ilifunga mupango wa kuleta wafanyakazi wa Meksiko, na mashini ikaenea haraka. Ilikuwa ya bei kali. Mwenye shamba ndogo hakuiweza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walimaji wa tomati kule walikuwa karibu 4.000, mu 1973 walibakia karibu 600. Kazi zenye kupotea zilihesabiwa karibu 32.000.

Mu 1979 wafanyakazi wa shamba na walimaji wadogo walipeleka iniversite ku tribinali. Walisema: feza ya serkali ni ya watu wote, namna gani masomo inatajirisha wenye mashamba makubwa peke yao? Iniversite ikajibu kama pasipo mashini, tomati ingehama inchi na kazi yote ingepotea. Mu 1987 juji aliwapatia haki wenye kushitaki, akaomba iniversite iweke njia ya kuangalia faida ya walimaji wadogo. Mu 1989 tribinali ya juu ikageuza ile hukumu.

Tunasema ile habari sababu inatufungua macho. Kule washauri walikuwako, vyama vilikuwako, meza ilikuwako. Lakini mwenye kuvuna kwa mikono hakuwa na kiti. Neno "mulimaji" linafunika watu wawili tofauti: mwenye hektari 500 na trakta, na mama mwenye nusu hektari na jembe. Wa kwanza anaomba mashini. Wa pili anaomba mbegu yenye anaweza kuchunga kwa mwaka wenye kuja, na dawa ya wadudu wenye kula mahindi mu gunia.

Hapa kwetu sheria iko

Congo haikose karatasi. Sheria nambari 11/022 ya tarehe 24 desemba 2011 juu ya kilimo inasema kuwe baraza la washauri wa kilimo: la taifa, la provensi, na la chini. Kodi ya mungodi, vile iligeuzwa tarehe 9 marsi 2018, inalazimisha kila kampani yenye kuchimba kutoa angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa pale. Kama provensi, kampani na iniversite wanataka kweli, feza ya kupima udongo na maji ya walimaji haiko mbali.

Lakini tumeona pia mipango yenye kushuka toka juu. Zamani serkali ya provensi ya Katanga iliomba kila kampani ya mungodi ilime hektari 500 za mahindi. Nia ilikuwa nzuri. Mpaka leo lori za Zambia zingali zinapita Kasumbalesa. Bukanga Lonzo, kule magaribi ya inchi, ilifunguliwa kwa sherehe kubwa mu 2014. Mu 2017 ilikuwa imesimama. Mupango ukianzia ofisini, mulimaji anaitwa siku ya kukata kamba na kupiga mikono.

Yenye tunaomba

Ya kwanza: iniversite ikiita walimaji kwa kushauriana, wachaguliwe na vyama vyao wenyewe. Mutu mwenye kuteuliwa na mukubwa atasema maneno ya mukubwa. Wamama wasiwe wawili wa kuonyesha ku picha. Kwa kilimo cha pembeni ya muji, wao njo wengi.

Ya pili: kikao kifanyike mu juillet ao août, wakati wa baridi na vumbi, mbele ya kupanda. Ukimuita mulimaji mu janvier, unamutosha mu kupalilia, na siku moja ya palizi inapotea na mavuno. Feza ya transporti nayo ipangwe.

Ya tatu: maulizo ya walimaji yaandikwe mu daftari, na mwaka wenye kufuata iniversite iseme wazi: hili tumesoma, hili bado, hili hatuwezi, sababu ni hii. Pasipo ile daftari, kikao kitakuwa cha kunywa Fanta.

Ya ine: majibu irudi kwa Kiswahili, mu kartie na mu vijiji, kwa mudomo na kwa redio, hata kama ni majibu mabaya. Mama mwenye kuambiwa kama bustani yake iko na sumu anapashwa pia kuonyeshwa fasi ingine ya kulima. Tukimuambia ya kwanza na kunyamaza ya pili, atarudi kulima pale pale, sababu watoto wanataka kula.

Na sisi pia tuko na kazi. California walianza kwa kujiunga. Kwetu walimaji wengi wanatembea mumoja mumoja, na mutu peke yake hapigiwe simu na mutu yeyote. Wandugu wa seksyo, mu kila kambi na kila kartie, kusanyeni wenye pansio, wamama, vijana wenye kulima. Andikeni majina, andikeni hektari, andikeni shida tatu za kwanza. Mwenye hajui kuandika, mutoto wa sekondari amuandikie. Ile karatasi iwe tayari mbele mvua ya kwanza kuanguka, ili siku iniversite itafungua mulango, tuingie na maneno yetu mu mukono.