Bwana Yuko Kazini, na Siku Zimekaribia

  Ninyi mnaorudi sasa hivi kutoka kazi ya usiku, poleni na kazi. Maneno ya leo yanawahusu ninyi hasa, kwa hiyo nawaomba msilale kwanza.

Nimepokea barua ya mama mmoja ambaye jina lake sitalitaja. Mimba yake ina miezi minane. Bwana yake ni askari wa usiku. Huingia kazini saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, na kwa kuwa hurudi kwa miguu, nyumbani hufika karibu saa 2. Akifika hunywa chai na kulala. Akiamka alasiri huoga, hula, na kuondoka tena. Mama huyu anasema kwamba usiku hapati usingizi na mgongo unamuuma, na mchana hawezi hata kugusa sufuria, maana chumba ni kimoja na bwana amelala. Lakini hakuniomba dawa ya mgongo. Aliniuliza hivi: je, ni dhambi kumnung'unikia mtu ambaye amechoka kwa sababu ya kunitafutia chakula?

Nilikaa na barua hiyo siku nyingi, kwa sababu swali lake lilinipata mimi mwenyewe. Nitawaeleza mbele kidogo. Kwanza nataka kusema na wanaume, maana wengi wetu hatujui ni nini kinachotendeka katika mwili wa mama miezi hii ya mwisho.

Mimba huhesabiwa majuma 40, tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kuanzia juma la 28 hivi mtoto anakua upesi, lakini nafasi ni ile ile. Tumbo la chakula linasukumwa juu, ndiyo sababu mama akila sahani ndogo tu anapata kiungulia. Kibofu nacho kinakandamizwa, ndiyo sababu anaamka mara tatu au nne usiku kwenda haja ndogo. Viungo vya nyonga vinalegea vikijiandaa kwa uzazi, na uzito wote uko mbele, basi mgongo ndio unaobeba. Hata kulala kuna masharti. Akilala chali, uzito wa mtoto unakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, naye anaweza kusikia kizunguzungu, na mtoto akapata damu kidogo. Kwa hiyo ni afadhali alale ubavu, wa kushoto au wa kulia, na kuweka mto katikati ya magoti. Kama hakuna mto wa pili, blanketi iliyokunjwa inatosha.

Basi, bwana anayerudi na kumwambia bibi yake, “Wewe umekaa nyumbani mchana kutwa,” hajui asemalo. Huyo mama hajakaa. Amekuwa kazini saa 24, na hana wa kubadilishana naye zamu.

Lakini sitaki kumlaumu mwanamume bure. Ninawajua wanaume hawa. Parokia ninayohudumu iko kando ya barabara ya Mombasa, na katika viti vya kanisa wanakaa madereva wa malori yaendayo Malaba, askari wa malango, na watu wa viwandani. Nimeona jambo moja mara kwa mara. Mtoto anapokaribia, baba anaongeza saa za kazi. Anafikiri juu ya shuka, maziwa, na kodi ya nyumba, anakwenda kwa msimamizi na kuomba zamu zaidi. Anafanya hivyo kwa mapenzi. Naye mama, akimwona anavyorudi amechoka, anaamua kunyamaza, asimwongezee mzigo. Huyo naye anafanya kwa mapenzi. Hakuna aliyekosa hapo, na nyumba hiyo imo katika hatari.

Nasema hivi kwa kuwa ilikuwa nyumba yangu. Imepita miaka kama kumi na miwili. Nilikuwa na makanisa matano ya kuangalia na pikipiki moja ya zamani, na bibi yangu alikuwa katika juma la 34. Usiku ule nilifika saa 3, nikakuta chakula kimefunikwa mezani na yeye ameketi gizani. Nilipouliza kwa nini hakuwasha taa, akaniambia, “Baba watoto, taa inaniumiza macho.” Mimi nilidhani ni usingizi. Nikala, nikamweleza habari za mabati ya kanisa, nikalala.

Kumbe kichwa kilikuwa kimemuuma siku tatu. Hakuniambia. Baadaye alisema kwamba kila aliponisikia nikivua viatu mlangoni alijiambia, “Acha alale, nitamwambia kesho.” Asubuhi nilikwenda kwenye mkutano. Ni mama mmoja wa kanisa, aliyekuja kuleta maziwa, ambaye alimtazama usoni na kuona umefura, akajaribu kuvuta pete kidoleni na pete haikutoka. Hakumsalimia mara ya pili. Alimshika mkono akampeleka zahanati, na pale presha ilikuwa 160 kwa 110. Alipelekwa hospitali ya mjini siku hiyo hiyo. Mimi nilipata habari saa 8 mchana, nikiwa bado nabishana juu ya mabati.

Mungu alitusaidia. Uchungu ulianzishwa na madaktari, na mtoto akazaliwa mdogo lakini mzima. Ugonjwa ule ni wa presha inayopanda wakati wa mimba, na usipotibiwa unaweza kuleta kifafa cha mimba, ambacho huua mama na mtoto. Huanza baada ya juma la 20, na mara nyingi miezi ya mwisho. Presha ikifika 140 kwa 90 tayari ni jambo la kuangaliwa. Ubaya wake ni kwamba mwanzoni mama anaweza asisikie lolote, ndiyo sababu kila siku ya kliniki hupimwa presha na mkojo. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mama aonwe na wahudumu wa afya angalau mara 8 katika mimba moja, na mara 5 kati ya hizo ni katika miezi mitatu ya mwisho. Mama asiseme, “Nilikwenda mwezi uliopita, yatosha.”

Sasa mnisikilize vizuri, mume na mke. Miguu kuvimba kidogo jioni ni kawaida, na huinuliwa juu ya kigoda ikapungua. Lakini uso na mikono ikifura ghafula, kichwa kikiuma sana kisiache, macho yakiona ukungu au vimulimuli, au maumivu yakitokea juu ya tumbo chini ya mbavu, ni hospitali, na ni sasa. Vivyo hivyo damu ikitoka, au maji yakivunjika, au homa ikipanda. Na mtoto akipunguza kucheza kuliko alivyozoea, mama asidanganywe na maneno ya kwamba mtoto hutulia anapokaribia kuzaliwa. Hatulii. Mtoto aliyepunguza kucheza anatakiwa kusikilizwa na mkunga siku hiyo hiyo.

Wataalamu wawili, Thaddeus na Maine, waliandika mwaka 1994 kwamba akina mama wengi hupotea kwa sababu ya kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa wakishafika. La tatu ni la hospitali na serikali, na tuna haki ya kulisemea. La kwanza na la pili huanzia nyumbani. Na mahali ambapo bwana hayupo saa 12 au zaidi, la kwanza ndilo linalotuua. Mama anasema, “Ngoja arudi, tuamue pamoja.” Uchungu unaanza saa 4 usiku, naye anangojea saa 2 asubuhi! Mtoto wa kwanza huweza kuchukua saa nyingi, lakini wa pili na wa tatu mara nyingi huja upesi. Mama wa watoto watatu anayemngojea mume atoke zamu anaweza kuzaa peke yake sakafuni.

Kwa hiyo bwana mwema anayefanya kazi ya usiku atoe ruhusa mapema, mchana, mbele ya mashahidi: “Ukiona dalili, usiningojee. Nenda.” Mbele ya nani? Mbele ya jirani, mbele ya mama mkwe kama yuko. Nimeona mahali ambapo mama mkwe alizuia gari kwa sababu mwenye nyumba hajafika. Nauli iwekwe kando, isiguswe hata unga ukiisha. Mtu mwenye gari aambiwe tangu sasa, namba yake iandikwe, na ya mtu wa pili, kwa kuwa wa kwanza anaweza kuwa safarini. Bodaboda si chombo cha mama mwenye uchungu kama kuna njia nyingine. Mkoba uwe tayari: kanga, nguo za mtoto, pamba, sabuni, kitambulisho, na kijitabu cha kliniki. Na mambo ya bima yatazamwe mapema. Wengi bado wanauliza habari za Linda Mama na NHIF. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, imechukua nafasi ya NHIF, basi hakikisheni kwamba mmesajiliwa na mmeuliza hospitali yenu inavyohudumia, kabla ya tumbo kuuma.

Baba naye anazo haki zake, na aziombe bila haya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwanamume aliyeajiriwa likizo ya majuma 2 yenye mshahara kamili mtoto wake anapozaliwa, na mama aliyeajiriwa miezi 3. Sheria hiyo hiyo inasema mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku 7. Siku hiyo moja, bwana, mfuate bibi yako kliniki. Na kama una rafiki kazini, badilishana naye zamu kwa mwezi wa mwisho, utamlipa baadaye. Hayo yakishindikana kabisa, bado yako madogo. Jaza madebe ya maji kabla ya kuvaa koti, asije akayabeba yeye. Hakikisha simu yake ina chaji. Na ukirudi asubuhi, kabla hujalala, mwulize: kichwa? macho? mtoto anacheza? Hayo huchukua muda mfupi kuliko chai kupoa.

Na kanisa je? Hapa lazima niseme jambo ambalo halitawafurahisha baadhi ya akina mama wangu. Sisi tunajua sana kwenda kumwona mtoto. Tunakwenda na sukari, na unga wa uji, na nyimbo. Kabla ya mtoto hakuna anayebisha hodi. Nendeni mkasome tena habari za Elisabeti katika Injili ya Luka. Bwana yake Zakaria alikuwa kuhani wa zamu. Baada ya zamu yake alirudi nyumbani, lakini alikuwa bubu, asiweze kusema neno moja la kumfariji mkewe mzee mwenye mimba yake ya kwanza. Mariamu alifika Elisabeti alipokuwa katika mwezi wa sita, akakaa karibu miezi mitatu. Hesabuni wenyewe ni miezi gani hiyo. Hakungoja kuona mtoto. Basi kila kundi la akina mama lijue ni nani kati yao yuko katika miezi ya mwisho na bwana wake hulala kazini, na wapange ni nani atakayelala naye. Msichana mkubwa anaweza kulala hapo, mradi asikose shule. Mhudumu wa afya wa kijiji naye aambiwe.

Sasa nimjibu mama wa barua. Mama, kunung'unika ni kumwambia mtu kwamba yeye ni mbaya. Kumwambia kwamba kichwa kinakuuma si kunung'unika, ni kumpa habari za nyumba yake, na anazo haki nazo kama ulivyo na haki na mshahara wake. Usimhurumie hata ukamnyima habari. Mwambie leo alasiri akiamka, kabla hajafunga viatu. Kama maneno yanakushinda, andika. Zakaria mwenyewe aliomba kibao cha kuandikia siku ya kumpa mtoto jina, akaeleweka.

Sisi tulipopata mtoto wetu wa mwisho, bibi yangu alianza kliniki mapema sana kwa sababu ya yale yaliyotangulia, nasi tulibandika kipande cha katoni nyuma ya mlango. Mimi niliandika namba ya mwenye gari, ya pili, ya zahanati, ya yule mama wa maziwa, na mahali nauli ilipo. Nilipotoka asubuhi nilikuta ameongeza mstari chini kwa kalamu ya mtoto: “Nikisema niko sawa, niulize mara ya pili.”