Kutoka Chuoni hadi Kazini: Mpango wa Ajira kwa Wanaosomea Maendeleo ya Jamii

Kila mwaka vijana kutoka kata mbalimbali hujiunga na vyuo kusomea fani zinazohusu maisha na maendeleo ya watu: maendeleo ya jamii, ustawi wa jamii, sosholojia, saikolojia, malezi na makuzi ya watoto. Baada ya miaka mitatu au minne hurejea nyumbani na shahada, na wazazi waliouza mazao au mifugo ili kulipa ada huwa na swali moja: ajira itapatikana lini? Swali hilo ni la haki, ila huulizwa likiwa limechelewa. Mengi yanayoamua jibu lake hutendeka mwanafunzi akiwa bado chuoni.

Mwanafunzi wa uuguzi hujua tangu siku ya kwanza kwamba anaandaliwa kwa kazi ya uuguzi. Fani za maendeleo ya watu hazina njia moja iliyonyooka namna hiyo. Zina milango mingi, na kila mlango una masharti yake. Asiyeyajua masharti hayo mapema hujikuta ana cheti kizuri kisichofungua mlango alioukusudia.

Jina la shahada lina uzito

Machoni pa wananchi wengi, Afisa Maendeleo ya Jamii na Afisa Ustawi wa Jamii ni watu wa dawati moja. Kiutumishi, hizo ni kada mbili. Wa kwanza huhamasisha wananchi kushiriki katika shughuli za maendeleo, huviongoza vikundi na kufuatilia mikopo yao. Wa pili huhudumia mtu au familia iliyo katika shida: mtoto aliyetelekezwa, mgogoro wa matunzo, mzee asiye na msaada.

Tangazo la ajira serikalini hutaja fani zinazokubalika kwa kada husika. Mwombaji ambaye fani yake haikutajwa anaweza kuondolewa kabla ya usaili, hata kama alama zake ni za juu. Kwa hiyo, kijana anayechagua kozi anashauriwa kusoma kwanza matangazo yaliyokwisha kutolewa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kisha alinganishe jina la kozi anayoitaka na fani zilizoorodheshwa humo.

Ni vema pia kuzingatia ukubwa wa soko lenyewe. Tanzania Bara ina halmashauri 184 na kata zaidi ya 3,900. Hata kila kata ikipata Afisa Maendeleo ya Jamii wake, nafasi hizo zina ukomo, na zikishajazwa hupatikana nyingine pale mtumishi anapostaafu au Serikali inapotoa kibali kipya. Mpango unaotegemea mlango huo peke yake ni mwembamba mno.

Mafunzo kwa vitendo si kukusanya saini

Vyuo huwapeleka wanafunzi kwenye mafunzo kwa vitendo. Anayetaka kuyafanyia katika halmashauri huleta barua ya chuo kwa Mkurugenzi Mtendaji, kisha hupangiwa idara au kata. Wapo wanaozipitisha wiki hizo wakisubiri kusainiwa daftari la mahudhurio. Wapo pia wanaosaidia kikundi cha kina mama kuandika katiba yake, kuweka sawa vitabu vya fedha na kuandaa maombi ya mkopo. Siku ya usaili wa mahojiano, wote wawili huulizwa wamewahi kufanya nini. Wa pili ana jibu, na mara nyingi ana afisa anayeweza kumdhamini kwa maandishi.

Nyaraka nazo zishughulikiwe mapema. Tofauti ya jina baina ya cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha Taifa huweza kumwangusha mwombaji aliyestahili. Kuirekebisha kisheria huchukua muda, ilhali tangazo la kazi huwa na siku chache. Ikumbukwe pia kwamba matangazo mengi ya Sekretarieti hayapokei hati ya muda ya matokeo badala ya cheti kamili.

Milango iliyo nje ya ajira ya Serikali

Mlango wa kwanza ni huduma za watoto wadogo. Mwaka 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomlenga mtoto tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka 8. Wazazi waendao shambani au sokoni wanahitaji mahali salama pa kuwaacha watoto wao. Mhitimu wa malezi aweza kuanzisha kituo cha kulelea watoto mchana, maadamu amepata leseni kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Hatua ya kwanza ni kumwona Afisa Ustawi wa Jamii.

Mlango wa pili ni mikopo ya halmashauri isiyo na riba, itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wahitimu wanaojiunga katika kikundi chenye shughuli halisi wanaweza kuomba. Mkopo huo ni deni la kurejeshwa, nao haufai kuchukuliwa kama posho ya kusubiria ajira.

Mlango wa tatu ni mashirika yasiyo ya kiserikali. Mengi huhitaji mtu anayejua kukusanya takwimu, kuandika taarifa na kuendesha mkutano wa kijiji. Stadi hizo hujengwa kwa mazoezi, na mwanafunzi anaweza kuanza kwa kujitolea katani kwake wakati wa likizo.

Tahadhari kwa familia

Shahada inapokaa kabatini kwa muda, hujitokeza watu wanaodai fedha ili "kumwingiza kijana kwenye mfumo". Maombi ya ajira kwa Sekretarieti hufanywa bila malipo kupitia Ajira Portal, na nafasi hushindaniwa kwa usaili. Fedha anayopewa dalali wa ajira hupotea, nayo huenda ingetosha kuwa mtaji. Anayedaiwa malipo ya aina hiyo atoe taarifa TAKUKURU.

Mzazi hahitaji kuwa msomi ili kusaidia. Mtoto anapokuja likizo ya mwaka wa kwanza, amuulize mambo matatu: kozi yake inatajwa katika matangazo ya kazi zipi, atafanyia wapi mafunzo kwa vitendo, na majina kwenye vyeti vyake yanafanana? Pale ambapo majibu hayajapatikana, ofisi ya Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata ndipo mahali pa kuanzia.