Je, Wajua? Jinsi Seli Nyeupe Zinavyotengwa na Damu

Katika damu ya binadamu, kila seli nyeupe moja huzungukwa na mamia ya seli nyekundu, hivyo mtafiti wa kinga ya mwili hana budi kuzitenga seli nyeupe kwanza kabla ya kuzichunguza. Mwaka 1968, Arne Bøyum wa Norwei alichapisha njia ambayo bado inatumika: damu iliyozuiwa kuganda huzimuliwa, ikamiminwa polepole juu ya kimiminika chenye densiti, yaani masi kwa kila ujazo, ya gramu 1.077 kwa mililita, kisha mrija huzungushwa na mashine kwa takriban nusu saa. Ndani ya kimiminika hicho mna polima ya sukari inayozifanya seli nyekundu zishikamane na kuzama upesi pamoja na granulosaiti, ambazo ni seli nyeupe nzito, ilhali limfosaiti na monosaiti, zilizo nyepesi zaidi, hubaki juu ya kimiminika hicho kama utando wa maziwa, chini ya plazma. Jambo linalopuuzwa mno ni halijoto: kazi hufanyika kwenye nyuzi 20 hivi za selsiasi, kwa kuwa baridi hubadilisha densiti na kuvuruga utengano.

Utando huo hufyonzwa kwa pipeti na kuoshwa ili kupunguza chembe sahani. Hata hivyo, bado ni mchanganyiko. Anayehitaji aina moja tu ya limfosaiti hutumia vishanga vidogo vya sumaku vilivyopakwa kingamwili, yaani protini zinazoitambua na kuinasa seli inayotakiwa.