Kimea Kwenye Uji wa Mtoto

Mtoto wa miezi minane ana tumbo dogo. Mama akimpikia uji mwepesi, sehemu kubwa ya kikombe ni maji, na mtoto hushiba kabla hajapata nguvu ya kumtosha. Akizidisha unga, uji unakuwa mzito kama ugali na mtoto anautema. Ushauri uliozoeleka kliniki ulikuwa kuongeza maziwa, mayai au mafuta. Kwa vipimo vya maabara ni ushauri sahihi, lakini mama asiye na ng'ombe wala pesa ya mafuta alirudi nyumbani na lawama tu.

A. C. Mosha wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa 1973, na Ulf Svanberg wa Sweden walitazama kwingine. Mwaka 1983 walichapisha utafiti wao kuhusu kimea, kitu ambacho wapika pombe wa nchi hii wanakijua tangu enzi za mababu. Ulezi au mtama huloekwa, huachwa uchipue siku mbili tatu, huanikwa juani, kisha husagwa. (Mtama una sharti lake: machipukizi na vijizizi vipukutishwe vyote, maana vina sumu.) Nafaka inapochipua hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga. Pika uji mzito unaosimamisha mwiko, uepue, uache upungue moto, kisha koroga humo kijiko cha unga wa kimea. Baada ya dakika chache uji unalegea na kumiminika, na unga wote bado umo. Urudishe jikoni uchemke tena. Kikombe hicho kimoja kinabeba chakula ambacho kwa uji mwepesi kingehitaji vikombe viwili au zaidi.

Hii ndiyo sayansi ya lishe ninayoiheshimu kuliko zote: mtafiti anamkuta mama na ujuzi wake, anaupima, anaurudisha ukiwa na matumizi mapya.

Hata hivyo, uji mzuri unahitaji mtu wa kuupika. Mpango wa lishe wa Iringa, ulioanza 1983 kwa msaada wa UNICEF na WHO katika vijiji 168, ulipeleka mizani kijijini. Watoto walipimwa mbele ya wazazi na viongozi, na matokeo yakajadiliwa papo hapo. Ilipoulizwa kwa nini mtoto amekonda, suala halikuishia kwenye aina ya unga. Mama alishinda shambani tangu alfajiri, na mtoto alilishwa mara chache mno. Mgawanyo wa kazi nyumbani ukawa ajenda ya kikao, wanaume wakiwapo, na vijiji vikaanzisha vituo vya kulelea na kulisha watoto mchana. Kati ya 1984 na 1988 utapiamlo mkali ulishuka kutoka takriban watoto 6 katika kila 100 hadi chini ya 2. Chanjo na matibabu vilichangia sana. Ila bila vikao vile, mtoto aliyekonda angebaki kuwa aibu ya mama yake peke yake.