Kupima Stadi za Kusikiliza na Kusoma katika Shule za Kamalondo, Lubumbashi

1. Utangulizi

Mwanafunzi anaposhindwa kujibu maswali ya kifungu alichokisoma, aghalabu mwalimu huhitimisha kwamba mwanafunzi huyo hajui kusoma. Hitimisho hilo laweza kuwa sahihi, lakini pia laweza kuwa kosa kubwa. Huenda mwanafunzi amezitambua herufi zote na kuyatamka maneno yote bila kukwama, ila lugha ya kifungu chenyewe si ile aliyoizoea kuisikia. Makala haya yanaeleza jinsi jaribio la kusikiliza linavyoweza kuzitenganisha sababu hizo mbili za kushindwa. Mfano unaotumika ni wa wanafunzi wa madarasa ya mwanzo ya shule za msingi za Kamalondo, mjini Lubumbashi, ambako Kiswahili cha nyumbani na Kiswahili cha vitabu vinatofautiana kwa kiasi kisichoweza kupuuzwa.

Suala hili lina uzito wa pekee katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa sababu Kiswahili hutumika kufundishia katika miaka michache ya mwanzo tu, kisha Kifaransa hushika nafasi yake. Mtoto anayetajwa katika miaka hiyo kuwa hawezi kusoma hulazimishwa kurudia darasa, au huvuka kwenda kwenye Kifaransa akiwa amekwisha kuamini kwamba kitabu si chake.

2. Kiswahili cha mtaani na Kiswahili cha kitabuni

Lubumbashi ilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, kwa ajili ya machimbo ya shaba. Kamalondo ni mtaa mkongwe wa Waafrika katika mji huo, na zama za ukoloni ulitenganishwa na mji wa Wazungu kwa ukanda wa ardhi isiyojengwa. Wafanyakazi waliletwa au walikuja wenyewe kutoka Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Kasai, Ruanda-Urundi na sehemu nyingine za Katanga. Miongoni mwa watu hao wa lugha nyingi Kiswahili kilienea kikawa lugha ya kazini na sokoni, na baadaye lugha ya kwanza ya watoto waliozaliwa mjini.

Kiswahili hicho kimechunguzwa kwa muda mrefu. Edgar Polomé alikiandikia katika miaka ya 1960, akafuatwa na Walter Schicho na Johannes Fabian. Mwaka 2014 Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa walichapisha kitabu chenye sarufi, matini na msamiati wake. Kwa hiyo si sahihi kukichukulia kuwa ni Kiswahili sanifu kilichoharibika, kwani kina kanuni zake ambazo mtoto huzimudu kabla hajaingia shuleni.

Tofauti zinazohusu upimaji ni za viwango vyote. Katika sarufi, mtoto wa Kamalondo husema "batoto beko nakula bukari" pale ambapo kitabu husema "watoto wanakula ugali". Kiambishi wa- huwa ba-, hali ya kuendelea huonyeshwa kwa maneno mawili badala ya kiambishi kimoja, na jina la chakula nalo ni jingine. Mahali huonyeshwa kwa ku na mu badala ya kiambishi tamati -ni: "ku masomo" ni shuleni, "mu nyumba" ni nyumbani. Urejeshi wa aina ya "nilichokisoma" ni mgeni masikioni mwa mtoto huyo, ambaye hutumia neno "yenye" kwa kazi hiyo.

Tofauti za msamiati ni za hatari zaidi pale neno linapofanana kwa umbo na kutofautiana kwa maana. "Masomo", kama ilivyoonekana, ni shule yenyewe. "Kinga" ni baiskeli. Tena kuna kitenzi "kuuza", ambacho mjini Lubumbashi humaanisha kununua, na anayetoa bidhaa na kupokea fedha husemwa "anauzisha".

3. Mambo mawili ndani ya alama moja

Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walitoa nadharia sahili ya usomaji ambayo imekuwa msingi wa upimaji mwingi. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, ufahamu wa kusoma ni zao la vipengele viwili vinavyozidishwa: uwezo wa kuyageuza maandishi kuwa maneno, na uwezo wa kuifahamu lugha hiyo inaposikika. Kwa kuwa ni kuzidisha na si kujumlisha, kipengele kimoja kikiwa sifuri zao lote huwa sifuri.

Hebu wachukuliwe wanafunzi wawili wa kubuni. Wa kwanza ana uwezo wa 0.9 katika kusoma maneno na 0.4 katika kufahamu anachosikia. Wa pili ana 0.4 katika kusoma maneno na 0.9 katika kufahamu anachosikia. Zao la kila mmoja ni 0.36. Katika daftari la mwalimu wamelingana, ilhali mahitaji yao hayalingani hata kidogo. Wa pili anahitaji kufundishwa silabi na maneno. Wa kwanza amekwisha kuzijua silabi, na akirudishwa kwenye ba, be, bi, bo, bu atapoteza mwaka mzima. Anachohitaji ni kusomewa hadithi na kuelezwa maneno ya Kiswahili cha kitabuni hadi yazoeleke masikioni mwake.

Katika Kiswahili, hali ya mwanafunzi wa kwanza yaweza kujitokeza kwa urahisi kwa sababu ya tahajia yake. Kila irabu kati ya tano ina sauti moja, na herufi hufuata matamshi karibu daima. Mtoto aliyefundishwa vizuri huweza kuisoma kwa sauti sentensi ambayo haelewi maana yake. Msikilizaji asiye mwangalifu hudhani kwamba usomaji umekamilika, kisha hushangaa majibu yanapokuja.

Uhusiano huu wa jicho na sikio hauwahusu watoto peke yao. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville kwa Kiswahili cha hapo hapo, kwa niaba ya wafanyakazi wa nyumbani. Fabian alipoitayarisha matini hiyo kwa toleo la mwaka 1990, aliona kwamba maandishi yake, yenye tahajia na mipaka ya maneno isiyo thabiti, hayakufahamika vyema hadi Kalundi Mango, msemaji wa lugha hiyo, alipoyasoma kwa sauti. Maana ilipatikana kupitia sikio la mtu aliyeijua lugha.

4. Mfano wa samaki

Ichukuliwe sentensi rahisi ya jaribio: "Mama aliuza samaki sokoni, kisha akarudi nyumbani." Swali lafuata: "Mama alirudi na nini?" Mtungaji aliyezoea Kiswahili sanifu anatarajia jibu "fedha". Mtoto wa Kamalondo anaisoma sentensi bila kosa, kisha anajibu "samaki". Kwa lugha yake amejibu barabara, kwa maana mama amenunua samaki na amerudi nao. Kwa mwongozo wa kusahihisha amekosa.

Sentensi hiyo hiyo isomwe na mwalimu, mtoto akiwa hana karatasi mbele yake, jibu litakuwa lile lile. Hapo ndipo faida ya jaribio la kusikiliza inapoonekana. Kosa linalojirudia katika kusikiliza na katika kusoma halitokani na usomaji, bali na lugha. Kosa linalotokea katika kusoma tu, huku kusikiliza kukiwa kwema, ndilo linalostahili kuitwa kosa la usomaji.

5. Muundo wa jaribio lifaalo

Vipimo vya usomaji wa madarasa ya mwanzo vinavyotumika sasa katika nchi nyingi vimeathiriwa na kile kilichobuniwa na taasisi ya RTI ya Marekani mwaka 2006, kijulikanacho kwa kifupi kama EGRA. Sehemu zake ni pamoja na kutambua herufi, kusoma maneno yaliyozoeleka, kusoma maneno ya kubuni, kusoma kifungu kwa muda maalumu, kujibu maswali ya kifungu hicho, na kusikiliza kifungu kingine kisha kujibu maswali. Sehemu ya kusikiliza imo, lakini mara nyingi hutajwa kwa ufupi katika matokeo, huku idadi ya maneno yanayosomwa kwa dakika ikipewa nafasi ya mbele. Kwa mazingira ya Kamalondo mambo manne yanahitaji kuzingatiwa.

Kwanza, vifungu vya kusikiliza na kusoma viwe na uzito uleule. Njia nyepesi ni kutunga vifungu viwili, A na B. Nusu ya darasa isikilize A na kusoma B, na nusu nyingine isikilize B na kusoma A. Tofauti itakayoonekana kati ya kusikiliza na kusoma haitaweza kuelezwa kwa ugumu wa kifungu kimoja. Vifungu viwe vifupi, ili jaribio la kusikiliza lisigeuke kuwa jaribio la kumbukumbu.

Pili, maneno yote ya vifungu yapitiwe na wasemaji wa Lubumbashi kabla ya jaribio. Maneno kama "kuuza", "kinga" na "masomo" yaondolewe, au yaachwe kwa makusudi na majibu yake yahesabiwe peke yake, iwapo nia ni kupima ujuzi wa Kiswahili sanifu.

Tatu, mtoto aruhusiwe kujibu kwa lugha yoyote aliyo nayo. Akijibu "beko nakula bukari", amefahamu kwamba watoto wanakula ugali. Akitia neno la Kifaransa, kama ilivyo kawaida ya mazungumzo ya mjini humo, bado amefahamu. Orodha ya majibu yanayokubalika iandaliwe mapema, ili wasahihishaji wawili wasitofautiane.

Nne, idadi ya maneno kwa dakika isilinganishwe kati ya lugha na lugha. Neno moja la Kiswahili, "hawatanisaidia", hubeba maana ambayo Kifaransa huieleza kwa maneno kadhaa. Hata ndani ya Kiswahili, "anasoma" ni neno moja na "eko nasoma" ni mawili. Mtoto anayesoma maneno machache kwa dakika katika Kiswahili huenda hasomi polepole kuliko mwenzake wa Kifaransa.

6. Kinachopimwa na kinachofundishwa

Yaweza kuulizwa kama gharama ya kuongeza kusikiliza inastahili. Jibu limo katika athari ya mtihani juu ya ufundishaji. Nchini Uchina, katika muundo uliozoeleka wa mtihani wa kuingilia vyuo vikuu, uitwao gaokao, somo la Kiingereza lina alama 150, na 30 kati yake ni za kusikiliza. Alama hizo huwapa walimu wa sekondari sababu ya kutenga muda wa mazoezi ya masikio. Nchini Kongo, Mtihani wa Taifa wa kumaliza sekondari, ulioanza mwaka 1967, hukipima Kiingereza kwa maandishi. Mwalimu wa Kamalondo mwenye wanafunzi wengi na muda mchache hana sababu ya kufundisha kisichoulizwa. Hali ni hiyo hiyo kwa Kiswahili cha madarasa ya chini: kusikiliza kusipopimwa, kusomewa hadithi huonekana kuwa starehe badala ya kazi.

Mfano wa karibu zaidi unatoka Burundi. Katika upimaji wa PASEC wa mwaka 2014, uliohusisha nchi kumi zinazotumia Kifaransa barani Afrika, wanafunzi wa mwanzo wa shule ya msingi wa Burundi walipimwa lugha kwa Kirundi, na wastani wao ulikuwa juu ya wa nchi nyingine zote. Sababu za matokeo hayo ni zaidi ya moja, lakini mtoto wa Burundi alikuta karatasini lugha anayoisikia nyumbani. Mtoto wa Lubumbashi anayepimwa kwa "Kiswahili" hukuta lugha yenye jina la lugha ya nyumbani, na jina hilo huficha umbali uliopo.

7. Sheria, vitabu na uchaguzi uliopo

Sheria ya elimu Na. 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 inazitambua lugha za taifa na lugha za mazingira ya mtoto kuwa lugha za kufundishia na kuwa masomo. Mradi wa ACCELERE!, ulioanza mwaka 2015 kwa fedha za Marekani na Uingereza, ulisaidia ufundishaji wa kusoma kwa Kiswahili, Kilingala na Tshiluba, na Haut-Katanga ilikuwa miongoni mwa majimbo yake. Mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na sauti zinazotaka Kiswahili sanifu kiimarishwe shuleni zikapata hoja mpya.

Hoja hiyo ina nguvu. Kiswahili cha Lubumbashi hakina tahajia iliyokubaliwa na wote, na wazazi wengi hawapeleki watoto shuleni ili wakafundishwe kile wanachokijua tayari. Kutunga vitabu vyote kwa lugha ya mtaani kungewanyima watoto maandishi ya Afrika Mashariki nzima. Hata hivyo, kukubali kwamba Kiswahili sanifu kifundishwe si sawa na kudhani kwamba kimekwisha kujulikana. Ikiwa ni lugha ya kujifunza, basi hatua za kujifunza kwake zipimwe, na hatua ya kwanza ni kukisikia na kukielewa.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba alama ya ufahamu wa kusoma, ikisimama peke yake, haiwezi kufasiriwa katika shule za Kamalondo. Jaribio fupi la kusikiliza, lenye kifungu cha uzito uleule na maswali machache ya kujibiwa kwa mdomo, linatosha kumwonyesha mwalimu ni nani anayehitaji silabi na ni nani anayehitaji lugha. Jaribio hilo halihitaji mitambo, kwani mwalimu mwenyewe ndiye msomaji. Kinachohitajika ni watungaji wanaozijua sura zote mbili za Kiswahili. Hiyo ni kazi ambayo idara za Kiswahili za vyuo vikuu, kuanzia Chuo Kikuu cha Lubumbashi chenyewe, zinaweza kuifanya pamoja na walimu wa shule za msingi, zikianza na orodha ya maneno yanayofanana kwa umbo na kutofautiana kwa maana.