Upande Gani wa Reli?

Mkazi wa Sumbawanga mwenye hamu ya kupiga picha za treni huanzia stendi ya mabasi, kwa sababu uwanda wa Ufipa hauna hata kipande cha reli. Akishika barabara ya kusini kupitia Laela, atakutana na TAZARA pale Tunduma. Akienda kaskazini na kuvuka Hifadhi ya Katavi, atafika Mpanda, mwisho wa tawi la Reli ya Kati linalochepuka Kaliua. Kila upande ni zaidi ya kilomita 200. Tawi la Mpanda lilifika mwaka 1950 likifuata madini ya risasi ya mgodi wa Uruwira. TAZARA ilianza kujengwa mwaka 1970 kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kwa upana reli hizi zinapishana milimita 67 tu, jambo linalomhusu fundi kuliko mpiga picha. Kinachomhusu mpiga picha ni kwamba moja huku kwetu inakwenda mashariki-magharibi na nyingine kaskazini-kusini. Ushauri uliompa mtu picha safi Mpanda unaweza kumharibia mwenzake Tunduma.

Wapenzi wa picha za reli si wachoyo. Uliza swali moja utapewa majibu kumi, na la kwanza karibu kila mara ni hili: jua liwe mgongoni mwako. Sawa kabisa. Shida inaanza ushauri unapoendelea: kwa hiyo simama upande wa kusini wa reli. Hayo yametoka kwa watu wa Uingereza, Ujerumani na Marekani, ambako jua la mchana hukaa kusini mwaka mzima. Sumbawanga iko nyuzi 8 kusini mwa Ikweta. Huku jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini kuanzia siku za mwisho za Februari hadi karibu katikati ya Oktoba, kisha huhamia kusini kwa miezi iliyobaki.

Chukua kipande cha TAZARA kati ya Mbeya na Tunduma, kinachopita Vwawa. Kwa jumla kinaelekea magharibi huku kikiinamia kusini. Mwezi wa Julai, ukisimama kusini kama ulivyoshauriwa, ubavu wa treni unaokutazama wote uko kivulini, na utarudi na injini nyeusi mbele ya anga jeupe. Vuka uende kaskazini. Ikifika Desemba mambo yanageuka, na ushauri wa Ulaya unakuwa sahihi kwa muda.

Tena Juni na Julai zina jambo lao asubuhi. Jua huchomoza karibu na mstari wenyewe wa reli, upande wa Mbeya. Treni inayotoka Tunduma kwenda Mbeya humulikwa usoni: namba, kioo cha dereva, hata vumbi lililoganda chini ya taa, vyote vinaonekana. Inayotoka Mbeya saa hiyo hiyo inakujia ikiwa imelipa jua mgongo, uso gizani. Picha ya namna hiyo si ya kutupwa, maana moshi na vumbi vikipigwa na mwanga kutoka nyuma hung'aa vizuri mno, ila uiendee kwa kukusudia. Na kwa kuwa reli huzunguka vilima, mwelekeo wa jumla haukusaidii ukiwa kwenye kona. Fungua dira ya simu, upime mita mia zilizo mbele yako.

Tawi la Kaliua–Mpanda halina mahesabu mengi. Linashuka kusini, kwa hiyo asubuhi unakaa mashariki na jioni magharibi, mwezi wowote ule. Kikwazo chake ni miombo. Jua likiwa chini, vivuli vya miti hulala juu ya reli na mabehewa hutoka na madoa kama chui. Tafuta mahali palipofyekwa: shamba, au barabara inapokatiza reli.

Saa nayo inadanganya. Tanzania nzima inatumia saa moja, lakini jua halijui hivyo. Mpanda na Tunduma ziko magharibi ya mbali, na jua huzifikia karibu nusu saa baada ya kuifikia Dar es Salaam. Mtu wa Pugu akikuambia mwanga mzuri wa jioni unaanza saa 11, huku kwetu ongeza hiyo nusu saa, na asubuhi usikimbilie kuamka kwa saa yake.

Kuhusu kasi ya shata, hesabu ni nyepesi na ningependa kila mtu aifanye mwenyewe badala ya kukariri namba za wengine. Treni ikienda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Ukipiga kwa 1/125 ya sekunde inakuwa imesogea sentimita 11 kabla shata haijafunga, na maandishi ya ubavuni hayasomeki. Kwa 1/500 inasogea chini ya sentimita 3. Treni ya umeme ya SGR, inayofika kilomita 160 kwa saa kati ya Dar es Salaam na Dodoma, inahitaji 1/1600 ili kupata matokeo yale yale. Basi anayepiga SGR akisema hashuki chini ya 1/1600 anasema ukweli wa kwake. Ukimfuata Mpanda jioni ya mawingu, utalazimika kupandisha ISO mpaka picha ijae chenga bila sababu. Wenye simu wana jingine: simu nyingi husoma picha mstari kwa mstari, si yote kwa mpigo, hivyo behewa likipita karibu kwa kasi hutoka limeinama. Rudi nyuma, upige treni ikija kwa mshazari.

Mmarekani O. Winston Link, aliyepiga treni za mvuke za Norfolk & Western kuanzia 1955 hadi 1960, alikuwa akisema jua hawezi kulihamisha na reli pia hawezi, ndiyo maana akafanya kazi usiku na taa zake mwenyewe. Alipanga taa nyingi za mmweko kando ya njia na kuziwasha zote kwa pamoja. Kazi yake naipenda, lakini usiige taa zake kwenye reli yetu: mmweko machoni mwa dereva usiku ni hatari.

Saa sita mchana pumzisha lenzi ndefu. Hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye kokoto hutikisa picha, na hakuna lenzi ya bei yoyote itakayoiponya. Septemba moto wa mbuga unapochafua anga, piga karibu. Milima ipige baada ya mvua za kwanza. Anayependa moshi wa dizeli afuate miinuko, mathalani njia ya kupanda kwenda Uyole, kilele cha TAZARA yote kwenye takriban mita 1,790, ambako injini hufanya kazi kwelikweli.

Kwenye stesheni muone mkuu wa stesheni kwanza, na daraja usilipige bila ruhusa. Reli ni mali nyeti na askari ana haki ya kukuuliza. Wauza ndizi na abiria wa madirishani nao waombe. Juu ya mataruma usisimame hata kama treni haionekani.

Ukishampa mwenzako ushauri, mpe pamoja na kipande cha reli, upande uliosimama, mwezi, saa, na treni ilikuwa ikielekea wapi. Bila hayo umempa maoni tu. Ratiba za treni za mizigo, hasa za mafuta na shaba, zibaki kwako. Na Tunduma kuna mtego mmoja mdogo: Zambia iko nyuma yetu saa moja, na simu ikinasa mnara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, picha zako zote zitaandikwa saa isiyo ya kwetu. Kabla ya kushuka kwenye basi, zima ile sehemu ya simu kujirekebisha saa yenyewe.