Elimu ya Siasa na Kazi Zake

Neno "siasa" lina maana mbili katika Kiswahili: uongozi wa nchi, na upole au uangalifu wa kutenda, kama isemwavyo, "sema naye kwa siasa." Wasomao elimu ya siasa katika vyuo vikuu huhitaji maana zote mbili. Wengi hudhani kuwa elimu hiyo ni njia ya kuupata ubunge. Sivyo. Mwanafunzi hufundishwa kupima: jinsi katiba igawavyo madaraka, kura zihesabiwavyo, na mataifa yapatanavyo. Kwa ujuzi huo aweza kuwa mtumishi wa serikali, afisa wa ubalozi, mwandishi wa magazeti au mwalimu.

Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, aliisoma Manchester, Columbia na Oxford, akaifundisha Makerere. Kalamu yake haikuwaogopa watawala. Mwaka 1973, wakati wa Idi Amin, ikambidi kuondoka Uganda, akaendelea kufundisha Marekani.

Basi ampelekaye mwanawe kuisoma na ajue: elimu hii humfunza mtu kuyapima madaraka; haimpi madaraka, wala haimkingi nayo.